Chupa ya Alizeti Chini ya Meza Yangu

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje, sema tu wilaya ya Kilosa.

Mimi ni kijana wa kiume, miaka 28, sijaoa. Naandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Dar, ila kazi nafanyia nyumbani kwa wazazi. Najitia kinyaa, nianze na hilo.

Choo chetu kiko nyuma ya uwanja, na njia inapita mbele ya benchi la baba. Baba ni mstaafu wa mashamba ya katani, na wenzake wanne hukaa naye hapo tangu asubuhi. Hupiti bila kumpa kila mmoja shikamoo yake, na baada ya marahaba zinakuja simu. "Kijana, hebu niangalizie hii, haipigi." Nikirudi mezani, nilichokuwa nakiwaza kimeshapotea, naanza upya. Siku moja nilipita kichwa kimejaa kazi, sikusalimia. Baba akaniita mbele yao: "Kompyuta ndiyo imekufundisha kupita wakubwa kama mbuzi?" Nilirudi nikawaamkia mmoja mmoja kwa aibu.

Tangu hapo nikaanza kukojolea kwenye chupa za maji. Mtu mzima, msomi, chumbani kwangu! Nikajiona mjanja, sinyanyuki, kazi inaisha mapema, bosi ananisifu kwenye kikao. Daktari wa mjini aliniambia mgongo unaniuma kwa kukaa, ninyanyuke kila saa nitembee, na niache vinywaji vya kuongeza nguvu. Nikamwitikia "sawa daktari," nikarudi kitini na kopo langu. Vile vinywaji vilifanya mkojo uwe wa njano inayong'aa. Chupa nilizificha chini ya meza na kuzimwaga alfajiri, nikisahau zinalala mbili tatu, na harufu nilishaizoea.

Sasa chumba changu ndicho stoo ya mama. Mafuta yake ya alizeti, yaliyojazwa kwenye chupa za maji kama zangu, anayaweka kando ya meza yangu. Wiki iliyopita nilikuwa naonyesha kazi kwa wakubwa wa kampuni, kamera imewaka, mama akaingia kimya kimya, akainama, akatoka na chupa. Niliiona ni ipi. Ningeweza kusema "Mama, subiri." Sikusema, niliogopa kuonekana nakatiza kikao.

Alikuwa anakaanga mihogo ya wazee. Mama ana mazoea ya kuchovya kidole na kuonja mafuta kabla ya kumimina. Akaonja. Nilimsikia akitema mate, kisha akatapika pale jikoni. Mama yangu mzazi!

Siku hiyo ilikuwa ya gulio; kikao changu kilipoisha akanichukua, akatoka na ile chupa mpaka kwa mama mmoja Msukuma anayetuuzia mafuta gulioni, familia yao ni wafugaji, wamehamia upande wa Rudewa. "Umetuchanganyia mkojo wa ng'ombe!" Yule mama akaapa: "Dada, nakamua mwenyewe, wanangu wanakula haya haya." Akafungua chupa yake nyingine akanywa mbele za watu, machozi yanamtoka. Wakamcheka. Wengine wakasema hawa wa kuja ndio zao, na waliokwisha kununua wakarudisha chupa zao. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nimembebea kikapu, na sikufungua mdomo.

Najua nikisema, baba atanifukuza na wale wazee watalizungumza mpaka nazikwa. Nisiposema, yule mama hatauza tena hapa, na kosa lake ni kutuuzia mafuta safi.

Jana mama kaniambia kwa upole, "Mwanangu, wewe ndiye unayejua mitambo. Nitengenezee tangazo, weka picha ya yule Msukuma, tulitume kwenye grupu la kijiji watu wajihadhari kabla ya gulio la keshokutwa." Nimelitengeneza. Ndiyo, nimelitengeneza, tena limependeza, herufi nyekundu. Mama yuko mlangoni anauliza kama limeshakwenda.

Ndugu zangu, nibonyeze nitume, au nitoke nje nikaseme mbele ya lile benchi? Nijibuni upesi. Kesho ni gulio, na hapa ninapoandika nimebanwa, wazee wako palepale, na chini ya meza kuna chupa tupu.