Jiwe Lililonawishwa Uso

Papa Chishimba wa mtaa wa Katuba amesugua malakiti kwa miaka thelathini na mmoja. Mikononi mwake mawe ya kijani yamekuwa mayai, tembo, misalaba, na visahani vya majivu kwa watu waliokatazwa sigara na daktari. Hakuna hata kimoja kilichobeba jina lake. Jina linaloandikwa ni la muuzaji wa mjini.

Kwa hiyo Madame Michelle, mwalimu wa jiolojia katika chuo kimoja, alipokuja kutafuta mawe ya kabati la kioo la wanafunzi, na kueleza kwamba chini ya kila jiwe litaandikwa jina la aliyelitoa, Papa Chishimba alimtolea kiti kizuri.

Mgeni hakutaka yai wala tembo. Alitaka donge lililozuia mlango wa karakana, lenye vinundu vilivyobanana kama povu la sabuni lililogeuka jiwe. Alieleza kwamba maji ya mvua hupenya katika mwamba, huchukua shaba kidogo kidogo, kisha huiacha katika nyufa za chini, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka. Aliomba aletewe Jumatatu, namna lilivyo. Papa asisumbuke.

Sasa, huko Katuba, mgeni anayesema msisumbuke ndiye anayechinjiwa kuku. Papa Chishimba alielewa vizuri sana. Alikata vinundu vyote kwa mashine, akasugua uso kwa msasa na maji siku nne, hadi pete za kijani zikajitokeza, nzito na nyepesi, moja ndani ya nyingine. Mkewe, Mama Wivine, alimkumbusha kwamba Madame alisema aliache. Papa alimjibu kwamba Madame amelelewa vizuri, ndiyo maana alisema vile.

Jumatatu alivaa koti la kanisani, akafika chuoni, akalifunua jiwe. Madame aliligeuza huku na huku. Papa alimwacha ashangae kwa raha zake.

"Papa," Madame alisema mwishowe, "ile ngozi yake iko wapi?"

"Niliitosha, niliikata yote. Muntu anaweza kutuma mutoto ku misa bila kumunawisha uso?"

"Ilichukua maelfu ya miaka kutengenezeka vile."

"Ndiyo," Papa alikubali kwa huruma. "Mimi, siku ine tu."

Mchana huohuo Madame alimfuata hadi Katuba kutafuta mabaki. Kipande kikubwa cha vinundu kilikuwa juu ya kifuniko cha ndoo ambamo Mama Wivine alikuwa ameloweka mihogo. Papa alichukua kitambaa akifute. Madame alikikumbatia kifuani, pamoja na ute wa mihogo, akashukuru mara tatu.

Leo kipande hicho kiko ndani ya kabati. Chini yake pameandikwa: Malakiti. Mtoaji: Chishimba, Katuba. Lile lililosuguliwa linazuia karatasi mezani kwa Madame, chumba cha pili, bila jina.

Siku ya wageni chuoni, dada yake Papa, Brigitte, alitoka Kampemba na watoto wake wote kuja kuliona jina. Papa Chishimba alisimama mbele ya kabati, mgongo kwenye kioo, akalifungua koti lake la kanisani kwa upana ili lifunike kila kitu isipokuwa maandishi. Kisha akaonyesha kwa kidevu meza iliyokuwa ikionekana kupitia mlango ulio wazi.

"Yangu ni ile kule," alisema. "Hapa ni jina tu."