Redio ya Mama Mkwe na Pembe ya Hoteli

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni tulipofungua hoteli Sultan Hamud, mimi na mume wangu, kando ya barabara ya Mombasa. Usidhani ni hoteli ya vitanda. Ilikuwa ya chai, chapati, supu na isyo, yaani mahindi na maharagwe, chakula ambacho Mkamba akikikosa siku mbili huanza kuuliza kama kuna msiba. Wateja walikuja tangu mwanzo, ila mume wangu hakuridhika. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na hoteli yenye muziki, na kila lori liliposimama kule badala ya kwetu, yeye alisema ni muziki unawaita. Mimi niliona ni kwa sababu kule kulikuwa na kivuli cha kuegesha. Lakini mtu akishapenda jambo humwambii.

Tukaamua kununua vyombo viwili vya sauti kwa safari moja. Kimoja cha hoteli, kingine cha mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake katika shamba lake la michungwa kule milima ya Kilungu. Mama mkwe alikuwa mjane, mtu wa kanisa, mrefu, mwenye maneno machache. Kusema kweli nilimwogopa. Nikimwuliza kama amekula, ananijibu kwamba ng'ombe amepona. Nikajiambia hanipendi, basi.

Mimi nimezaliwa Nuu, na tulipokwenda kuwasalimu wazazi wangu tulipitia Kitui mjini, kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi kwamba sisi, tuliozoea kuchanganya na Kikamba, tuliona haya kufungua mdomo.

"Karibuni, wanangu. Mnatafuta cha nyumbani au cha biashara?"

"Vyote viwili," mume wangu akasema.

"Basi tusivichanganye. Cha nyumbani husikilizwa. Cha biashara husikika. Ukipeleka cha biashara nyumbani utagombana na jirani, na cha nyumbani ukikipeleka dukani kitakufa kwa kupiga kelele."

Akatuuliza maswali kama daktari. Hoteli ina paa la nini? Mabati. Kuna stima? Ipo. Na nyumbani je? Hakuna. Nani atakayesikiliza? Mama. Anapenda nini? Kwaya, habari na kipindi cha Kikamba. Baada ya hapo akaweka mezani redio nzuri ya mbao, inayotumia mawe, yaani betri ndogo, na stima pia, sauti yake tamu kama mtu anakusimulia jambo ukiwa karibu naye. Hiyo ikawa ya mama. Ya hoteli ilikuwa sanduku la chuma lenye redio na amplifaya humo ndani, maikrofoni ya kushika mkononi, na spika ya pembe kama ua kubwa la bati. Mume wangu alipoiona ile pembe aliishika kwa mikono miwili, akatabasamu kama amepewa mtoto.

"Hii," akaniambia, "mtu akiwa Emali ataisikia."

Tulianza na mama. Mume wangu aliibeba redio begani kutoka barabarani hadi juu kabisa, akikataa kusaidiwa. Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akatandika kitambaa cha kufuma juu ya meza, akaiweka hapo. Tukaifungua. Kwaya ilikuwa ikiimba. Yeye akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ni nzuri. Mungu awabariki." Nilifurahi, maana ilikuwa sentensi ndefu kwa upande wake.

Pembe ya hoteli nayo tuliitundika juu ya mlango, chini ya mabati. Siku ya kwanza watu walijaa, wengine wakiwa hata hawanunui kitu, wamekuja kuitazama tu. Siku zilizofuata mambo yalianza kuniharibikia jikoni. Mteja anaagiza chai, mimi nasikia chapati. Mwingine anaomba chumvi, napeleka kuni. Mume wangu kwa mbali ananionyesha vidole, nami simwelewi kama ni vikombe au ni sahani. Mabati yalitetemeka, vumbi likadondoka kwenye sukari.

Ndipo siku moja dereva wa lori, mtu mnene mwenye heshima zake, alikuja hadi dirisha la jikoni.

"Mama," akasema, na ilibidi arudie kwa sauti ya juu, "mimi tangu Mombasa nimekaa na injini masikioni. Nimeteremka hapa nipumzike. Sasa ninakunywa chai au ninapigwa?"

Nilimwita mume wangu, dereva akarudia maneno yake. Mume wangu aliinama, akapunguza sauti. Lakini ile mashine ilikuwa haijui kunong'ona. Ukipunguza, inakoroma. Ukizima, hoteli inakuwa kama nyumba ya matanga. Tukaishi hivyo kwa muda, tukipunguza na kuongeza.

Jumapili moja nilipanda Kilungu peke yangu kumpelekea mama mkwe unga na sukari. Nilipofika uani nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa ameketi mbele ya redio, akitikisa kichwa kwa mwendo wa wimbo. Aliponiona akainua kidole.

"Ngoja kidogo, wanaimba."

Nikasimama. Sikusikia wimbo. Nikakaribia, bado sikusikia. Nikaweka sikio kwenye kitambaa cha spika: kimya kabisa. Nikafungua nyuma ya redio, nikakuta mawe yamekwisha kitambo na yameanza kutoa maji. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa akinitazama usoni kama mtoto aliyekamatwa akiwa na sukari mdomoni.

Nikapiga magoti karibu naye, mdomo wangu karibu na sikio lake. "Mwaitu, unanisikia?" Hilo ndilo neno tunalomwitia mama.

Akashtuka, kisha uso wake ukalegea. "Hivyo ndivyo ninavyokusikia," akasema. "Hiyo redio, mwiitu wakwa, tangu mliponiletea sijaisikia hata siku moja. Lakini mwanangu aliibeba mlima huu wote begani. Ningemwambia nini? Kila nikiwaona mnakuja, naketi hapa, natikisa kichwa."

"Na wewe ulijuaje kama wanaimba?"

"Jumapili wasipoimba watafanya nini?"

Nilicheka nikashindwa kujizuia, na yeye akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka na meno yote. Ndipo nikaelewa habari ya ng'ombe aliyepona, na majibu mengine yote. Hakuwa akinichukia. Alikuwa hanisikii, naye, kwa kuona aibu, alikuwa akikisia nilichouliza. Aliniita binti yangu siku ile, kwa Kikamba, nami nikateremka mlima nikiwa mwepesi kuliko nilivyopanda.

Nilipomsimulia mume wangu, aliketi juu ya kreti ya soda. Halafu akasema, "Kumbe! Na mimi nilidhani amenuna tangu nioe!"

"Hata mimi," nikamwambia.

Tukatazamana, kisha kwa pamoja tukainua macho kuitazama ile pembe.

Tuliiteremsha siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata ilipanda Kilungu pamoja na betri ya gari, maana mashine ile ilikubali betri pia. Mume wangu akaiweka mezani, akaelekeza pembe mlangoni, akafungua. Mama mkwe alikuwa akichambua mchicha. Mikono yake ikasimama. Akainuka polepole, akaja hadi kwenye pembe, akaishika ukingo kwa vidole, kisha akaanza kuimba pamoja na kwaya, kwa sauti kubwa iliyopotea njia kidogo, machozi yakimtiririka huku akicheka. Kwenye mlima wa pili watu walisimama mashambani. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka ng'ambo ya bonde, "Usizime!"

Hakuzima. Mzee wa Kitui alituonya kuhusu jirani, lakini hakujua Kilungu, ambako jirani yuko ng'ambo ya korongo na anataka habari kama wewe. Watu walipanga kazi zao kwa kufuata kipindi cha Kikamba. Maikrofoni nayo mama mkwe alijifunza kuitumia upesi kuliko tulivyotarajia. Alikuwa akiwaita wajukuu, watoto wa shemeji zangu walioishi karibu, waje kula kutoka bonde zima, kila mmoja kwa jina, pamoja na makosa yake ya siku ile. Hakuna mtoto aliyechelewa tena.

Redio ya mbao tuliisafisha, tukaipa mawe mapya ya akiba, tukaiweka hotelini kwenye rafu, kati ya thermosi na glasi. Madereva walikaa. Saa ya habari ilipofika, hoteli nzima ilinyamaza yenyewe, hata vijiko. Yule dereva mnene alikuwa akisimama kwetu kila safari, akaleta na wenzake.

Miaka michache baadaye tulitaka televisheni ya hoteli, na safari hiyo tulikwenda dukani na mama mkwe. Muuzaji aliwasha kadhaa. Yeye alizipita zile zenye kabati za kupendeza, akasimama mbele ya moja nyeusi, pana, isiyo na urembo wowote, iliyokuwa ikionyesha mieleka.

"Hii," akasema. "Nawaona mpaka jasho."

Tulimsikiliza. Ikafungwa juu ukutani, ndani ya kiunzi cha chuma, ili wote waione. Na kila siku ya mieleka mama mkwe aliteremka kutoka Kilungu akiwa na gauni lake la kanisa, akaketi benchi la mbele, akawafundisha wapiganaji kazi kwa Kikamba. "Mshike mguu! Mguu, we!" Mieleka haihitaji masikio. Madereva walimnunulia chai, wakampigia makofi, na kwa mara ya kwanza wenye hoteli ya upande wa pili wa barabara walianza kutuuliza sisi tuna nini.