Nyumba Bila Sukari

Kijiko kilikuwa kinagonga bakuli. Si ule mlio wa mtu anayekoroga, la. Ilikuwa ka-ka-ka-ka-ka, bila kupumzika. Nilikuwa nimempa mama mgongo, nikikata sukuma wiki, na nikafikiri ananiharakisha kwa mchezo vile hufanya akiona nazubaa na kisu mkononi. Basi nikamwambia bila kugeuka, "Pole pole, mum. Supu haina miguu."

Kijiko kikaendelea.

Mpaka leo nikisikia kijiko na bakuli vikigusana kwa hoteli yoyote, mimi hugeuka kuangalia ni nani.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Ni fundi wa nguo, anashona sare za shule na magauni ya harusi hapo nyumbani kwetu mtaa wa Free Area, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Miaka yote alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni na hakuwa mtu wa kulalamika. Kilichotubadilisha ni safari ya kwenda Keringet, huko mashambani. Tulienda kumwona mama mkubwa, dada yake wa kwanza kuzaliwa, baada ya kukatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya sukari hiyo hiyo. Mama mkubwa alitupokea akiwa ameketi kwa kiti cha plastiki nje ya nyumba, akacheka, akasema sasa atakuwa ananunua kiatu kimoja. Sisi tukacheka naye. Alitufungia gunia la viazi vya kurudi navyo, maana kwao huwezi kutoka mikono mitupu.

Mama hakuongea njia yote. Tulipofika nyumbani alitoa viatu, akaosha miguu kwa karai, akaniambia nimmulikie na tochi ya simu katikati ya vidole.

"Unaona kidonda?"

"Sioni kitu, mum."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Ni vidole tu."

Akakausha miguu polepole. "Wakinikata huu," akasema, akipiga paja la kulia, "cherehani nitaikanyaga na nini? Na mdomo?"

Mimi sikusoma sana. Nilifika kidato cha pili, nikaingia saluni, nikajifunza kusuka. Lakini kuota najua. Nikiwa nimeshika kichwa cha mtu, vidole vinajua njia yao, na mimi naenda mbali kabisa. Siku chache baada ya Keringet nilikuwa nasuka mteja mmoja ambaye zamani kiti chetu kilikuwa kinalia kwa uzito wake. Sasa alikuwa amepungua hata shingo inaonekana. Nikamuuliza siri ni gani.

"Keto," akasema. "Unaacha ugali, wali, mkate, viazi, sukari, matunda. Unakula nyama, mayai, avokado, mboga na mafuta. Mwili unakosa sukari, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe."

"Na mtu wa ugonjwa wa sukari?"

"Hao ndio inawafaa zaidi, mrembo. Mama mkwe wangu aliacha dawa."

Nilisuka mistari mitatu ikaenda kombo nikairudia. Akili yangu ilikuwa imeshafika mbali. Nilimwona mama akitupa vidonge kwa pipa. Nilijiona na kahoteli kangu karibu na barabara kubwa, kameandikwa Chakula Bila Sukari, pazia za kijani, na mama mkubwa akikaribisha watu mlangoni. Mteja aliniingiza kwa grupu ya simu ambapo mwalimu mmoja alikuwa anafundisha kwa kutuma sauti. Sikuwahi kuona uso wake. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu ambaye amelala vizuri.

Mwalimu alisema nyumba isafishwe. Chochote kinachokujaribu, toa. Mimi sijui kufanya kitu nusu. Nilitoa unga, mchele, mkate, maandazi ya jana, na ule mtungi wa sukari ambao haujawahi kuisha kwetu tangu nizaliwe. Gunia la mama mkubwa lilikuwa halijafunguliwa hata. Nikavibeba vyote ng'ambo ya ploti, ule ua wa nyumba zetu za kupanga, kwa jirani yetu, mama mmoja wa kutoka upande wa magharibi anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga hapo getini.

Alisimama na mtungi mikononi akaniangalia. "Mmeokoka upya ama mnahama?"

"Ni afya, mathe. Mum anapona sukari."

"Bila ugali? Wee! Mtu akilala bila ugali hajalala, amezirai tu." Akafungua mtungi, akaonja kwa kidole. "Lakini sitakataa baraka. Mkifa njaa, mlango wangu ni huu."

Wiki ya kwanza mama aliumwa na kichwa. Nikauliza grupu, nikaambiwa ni homa ya keto, mwili unazoea, nimpe maji mengi na supu ya mifupa yenye chumvi. Nikampa, na kichwa kikatulia. Nilijiona daktari.

Wiki ya pili ikawa choo, hakitoki. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Uliza hao watu wako," mama akaniambia, "kama kuna mtu amewahi kupasuka." Jirani alisema papai litamaliza hiyo maneno kwa usiku mmoja. Grupu ikasema papai ni sukari, ongeza mboga na maji. Nikaongeza. Ilichukua siku mbili zaidi, na aliporudi kutoka choo cha ploti jirani alimpigia makofi, mama akamtupia kitambaa.

Kisha mdomo. Asubuhi moja nilimsogelea kumfunga zipu ya gauni nikasikia harufu, na kwa vile nafanya kazi saluni niliijua mara moja: ni ya yale maji ya kutoa rangi ya kucha. Sikusema kitu. Lakini Jumapili nilimwona kanisani anaimba amefunika mdomo na leso, mwanamke ambaye sauti yake ndiyo huanzisha pambio. Grupu ilisema hiyo harufu ni ushahidi mafuta yanachomeka, tushangilie. Mimi nikamnunulia mswaki mpya.

Kisha miguu, na hapo ndipo tuliogopa. Alikuwa anashona sketi, nyama ya nyuma ya mguu ikajikunja ikawa ngumu kama jiwe, akapiga yowe. Nilimkanda na mafuta. Aliniuliza swali moja tu, "Ndivyo ya dada yangu ilianza?" Sikujua. Nikasema hapana, kwa sauti ya mtu anayejua. Grupu ikasema ni kukosa chumvi. Nikaongeza chumvi kwa supu.

Kwa nini hatukuacha? Kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Tulienda kupima kwa duka la dawa hapo karibu, na sukari ilikuwa imeshuka. Haijawahi kuwa chini hivyo. Mama alinishika mikono tukacheza hapo hapo mbele ya kaunta, na yule kijana wa dawa akacheka akatuambia hongera. Hakutuuliza tumefanya nini, na sisi hatukusema. Kushuka tulijua ni kuzuri. Kwamba kushuka nako kuna chini yake, hilo halikuwa kichwani mwangu.

Sasa, Jumatano. Wamama wa kanisa letu hufunga kila Jumatano mpaka saa tisa, wakiomba kila mmoja akiwa kwa kazi yake. Mama amefunga hivyo tangu nikiwa mdogo, lakini zamani alikuwa anaanza siku na chai ya maziwa yenye sukari tele, akisema Mungu hahesabu chai. Jumatano hiyo chai haikuwepo. Alikunywa maji, akameza vidonge vyake kama kawaida, kwa sababu dawa hakuacha hata siku moja. Mimi mwenyewe ndiye nilimkumbusha. Na mwalimu wa grupu alikuwa amesifu kufunga juma hilo hilo, basi nilifurahi kuona dini na afya zimekubaliana.

Ilipofika saa nane nikamwona amekaa tu mbele ya nguo, hashoni. Nilimwambia Mungu amesikia, aje anywe supu. Nikamwekea bakuli, nikageukia sukuma wiki zangu. Hapo ndipo kijiko kilianza.

Nilipogeuka mwishowe, mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka supu imemwagika kifuani. Uso ulikuwa umelowa jasho, na jikoni hakukuwa na joto. Nilishika shavu lake, lilikuwa baridi.

"Mum?"

Aliniangalia kama mtu anayetafuta jina langu. Akasema, "Fungeni dirisha, watoto wa shule wanaingia." Dirisha lilikuwa limefungwa.

Na mimi nilifanya nini? Nilichukua simu. Nikaandika kwa grupu kwamba mum anatoka jasho na anatetemeka. Jibu lilikuja haraka, na picha ya maua: Hongera, mwili unaaga sukari, mpe supu yenye chumvi. Nikachota kijiko nikampelekea mdomoni. Nikachota kingine. Niliongeza chumvi. Hebu fikiria, mama yangu ananiponyoka na mimi naonja kama chumvi imekolea.

Jirani aliingia kuomba kiberiti. Alisimama mlangoni sekunde moja tu. Mume wake marehemu alikuwa na ugonjwa huo, lakini sisi hatukuwahi kumuuliza chochote kuuhusu.

"Huyu sukari imeshuka! Leta sukari!"

"Hakuna."

"Asali?"

"Hakuna."

"Soda? Juisi? Ndizi? Wewe mtoto, hii nyumba iko na nini?"

"Iko avokado," nikasema.

Nilisema hivyo kweli. Mathe wa watu aliniangalia vile sitaki kuangaliwa tena. Akatoka mbio, kandambili moja ikabaki kwa mlango wetu, akarudi na kikombe cha maji na ule mtungi tuliompa. Alikoroga sukari mpaka ikawa uji. "Mshike kichwa. Dada yangu, meza. Meza kidogo. Usilale, nitakupiga kofi, unanijua. Meza." Mama alimeza. Nyingine ilitoka pembeni mwa mdomo. Mimi nilishika kichwa, ile kazi yangu ya kila siku, na sikuwa na lingine la kufanya.

Sijui ilichukua dakika ngapi. Mikono ilitulia kwanza. Kisha mama akaangalia kifua chake kilicholowa, akasema, "Ni nani amenimwagia supu?" Jirani akaketi chini kwa sakafu akaanza kucheka na kulia.

Tulimpeleka kliniki kwa tuktuk. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimpima, akampa chai na mkate, akavuta kadi yake. Alitaka kujua alikula nini asubuhi, jana, na juzi. Mama akamwambia. Muuguzi akavua miwani.

"Na vidonge?"

"Nilimeza."

"Vyote? Kama vile vya mtu anayekula ugali?"

"Ndio."

"Hivi vidonge havijui umekula nini, mama. Vinashusha sukari, uwe umekula ama hujakula. Ukipunguza chakula hivyo na dawa haijapunguzwa, vinashusha ile kidogo imebaki. Mtu akitaka kubadilisha chakula anakuja hapa kwanza, tunapanga pamoja. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa: hiyo si homa. Anapewa sukari haraka, analetwa hapa. Ni nani alikupangia mambo haya?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilisikia tu huko nje. Huyu msichana hata hakuwa anajua."

Muuguzi akaniangalia, nikaangalia sakafu. Ilikuwa na vigae vya kijivu, kimoja kimevunjika kona. Nilinyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuhadithia mtu saluni, hata nikihadithia hii nyingine yote na wakicheka kwa avokado.

Muuguzi alituingiza kwa daktari, naye akabadilisha dawa. Akasema ale kwa saa zake, ugali mdogo, mboga nyingi, asifunge bila kuuliza, na kila asubuhi apime nyumbani kwa mashine ndogo. Mama alisikiliza yote kwa heshima. Kisha akauliza lile la kwake: "Na mguu wangu, daktari, utabaki?" Daktari alisema tutajaribu, auangalie kila siku. Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ametaka neno lingine, la uhakika, na mimi pia, lakini hilo lingine alilitoa mwalimu wa grupu bure, na tumeona.

Sasa sukari yake inapanda, inashuka, siku nyingine ni nzuri, siku nyingine haieleweki na sisi tumefanya kila tulichoambiwa. Mimi ndiye humdunga kidole kutoa tone la damu ya mashine. Vidole vyake vimekomaa kwa sindano za kazi, inabidi nibonyeze mara mbili, na yeye hugeuza uso akisema haumii. Nikimuomba msamaha huniuliza, "Wa nini?" na kuniambia nikaweke maji motoni. Kahoteli ka pazia za kijani bado nakaota, siwezi kudanganya. Sijui tu tutapika nini.

Asubuhi moja mwezi uliopita alitoka kupeleka gauni la mteja. Nilikuwa nimemdunga vibaya siku hiyo, mara tatu, na mara ya tatu alivuta pumzi kwa meno. Nilipobaki peke yangu nilinawa mikono kwa sabuni. Nikafunga mlango. Nikafungua sindano mpya, nikaiweka pembeni mwa kidole changu cha kati, mahali pale pale ninapomdunga yeye, nikahesabu mpaka tatu, nikabonyeza.