Kambale wa Shemeji

Nilimlisha kambale mmoja miezi minane ili aje aliwe na mtu aliyemleta. Sijutii. Nasimulia mwenyewe kwa sababu kwa kina mume wangu inasimuliwa vingine, kwamba nina roho chafu.

Tunaishi mtaa wa Komarock, na sebuleni nina tangi la kioo. Mle nilichanganya gapi, wale samaki wadogo wenye mikia kama leso, na uduvi wekundu wa maji matamu wasiozidi ukucha wangu. Watu waliniambia samaki na uduvi hawakai pamoja. Wanakaa, ukitumia akili. Unachagua samaki wenye midomo midogo. Unajaza majani laini ya majini ili vitoto vya uduvi vipate pa kujificha. Unafunga sponji kwenye mdomo wa pampu visije vikavutwa. Maji ya mfereji unayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima mpaka harufu ya dawa iishe. Nilianza na uduvi kumi. Baada ya mwaka nilishindwa kuwahesabu.

Binti yangu, wakati huo miaka mitano, alikuwa na kazi yake. Kila asubuhi kabla ya shule alipiga magoti mbele ya kioo akawatafuta wenye mayai chini ya mkia. "Mum, wajawazito leo ni saba." Hapo ndipo alipokubali kuvaa soksi.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Anakaa Donholm, mtaa wa jirani, na kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kula kwangu.

"Shemeji, hawa mende wako wataiva lini tukule?"

"Wakiiva wewe utaambiwa wa mwisho."

"Si ungefuga hata kambale, akikua unapika? Wewe umejengea wadudu nyumba ya kioo."

Nilicheka. Nilidhani ni utani tu.

Wiki moja uduvi wakaanza kupungua. Wajawazito wakawa wanne, wakawa wawili, kisha mtoto akaniambia, "Mum, hakuna." Uduvi akifa utamwona chini, amegeuka rangi kama aliyechemshwa. Sikuona hata maiti moja. Jumapili mume wangu akamuuliza mtoto kama amewagusa. Shemeji alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, anachokonoa meno.

"Huyu nilimwona ameingiza mkono mle," akasema. "Pengine amewamwaga kwa sinki."

Nilikuwa jikoni nasukuma chapati, chapati za huyo huyo shemeji. Nilipotoka na unga mikononi, mume wangu alikuwa ameshampiga mtoto mara tatu kwa patipati aliyoivua mguuni. Mtoto hakuwa analia maumivu. Alikuwa anasema, "Si mimi, si mimi," kama mtu anayejua hatasikizwa.

Alhamisi nikasafisha tangi. Niliinua jiwe kubwa lililokuwa kwenye kona, na chini yake palikuwa na kambale mweusi, urefu wa kidole, sharubu zimetapakaa, tumbo limekaza kama mpira. Nikampigia shemeji simu papo hapo, mume wangu akisikia.

"Mimi?" Akacheka. "Pengine alikuja na hayo majani unanunua."

"Umesikia," mume wangu akasema. "Wachana na hayo maneno."

Wakayaacha, wote wawili. Mtoto hakuambiwa lolote. Baada ya hapo akawa anapita mbele ya tangi amegeuza uso, na nikimwita aje aone gapi anasema ana homuwaki ya shule. Uduvi wengine ningetafuta. Nilichotaka ni kimoja: yule mwanaume aseme kwa mdomo wake, mbele ya mume wangu na mtoto wangu, kwamba ni yeye.

Kambale nikamhamishia kwenye pipa la bluu kwenye roshani. Nikamlisha matumbo ya kuku kutoka kwa mama anayeuza kuku pale kona, kila siku, mvua au jua. Alikula kama mwenye nyumba. Jumapili, shemeji akija, nililifunika pipa.

"Huyu ni wa nani?" mtoto akauliza.

"Ni wa anko."

"Atapelekewa?"

"Atapikiwa."

Jumapili moja, miezi minane ilipotimia, nilimsugua kambale kwa chumvi na ndimu mpaka utelezi ukaisha, nikamkata vipande, nikamkaanga, nikamrudisha kwenye mchuzi wa nyanya na majani ya dhania. Kichwa nikampa shemeji. Kisha nikaketi. Huwa siketi akila.

"Eh, shemeji! Leo umenikumbuka."

"Kula tu. Lakini wa kununua ndio wanakuwa wakubwa hivi. Wa kufuga nasikia wanadumaa."

"Nani amekudanganya?" Alikuwa ananyonya mfupa. "Kambale ni kumlisha tu. Hata yule nilitia hapo alikuwa kidole, na ungemwacha mwaka mmoja..."

Mume wangu alirudisha tonge kwenye sahani.

"Ulitia wapi?"

"Ah, ulikuwa mchezo bana."

"Huyo unayemnyonya ndiye yeye," nikamwambia.

Akatazama kile kichwa. Akafuta vidole, kimoja kimoja, akamgeukia binti yangu. Humwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yao.

"Pole, mama."

Mtoto akamwangalia. "Anko, nikipigwa si ulikuwa umekaa hapo?"

Akamtazama mume wangu amsaidie. Mume wangu alikuwa anatazama meza. Nikamwambia shemeji amalize chakula chake, nimekigharamia miezi minane. Hakumaliza. Alichukua koti akatoka, hata maji ya kunawa hakungoja.

Jioni ile mume wangu alipiga magoti mbele ya mtoto akamwomba msamaha, naye akasamehewa mara moja, kwa sababu ni mtoto. Mimi sikuwa na haraka hiyo, na alilijua hilo kwa wiki nyingi.

Juzi mama mkwe alipiga simu kutoka nyumbani kijijini. Ati ndugu hawatenganishwi na samaki, ati nimwite mwanawe arudi mezani.

"Akuje, mama," nikamwambia. "Mtoto alimuuliza swali. Akishalijibu, nitapakua."