Pakiti Zilizoandikwa "Nimejaribu"

Kila pakiti iliyotoka katika duka la shangazi yangu ilikuwa na neno moja lililoandikwa kwa mkono, kwa wino mweusi, kwenye pembe ya juu: Nimejaribu. Chini ya neno hilo aliweka tarehe, na chini ya tarehe sahihi yake, ambayo kwa kweli ilikuwa kiduara chenye mkia, mfano wa kiluwiluwi. Ndani ya pakiti huenda kulikuwa na kitu kidogo kuliko ukucha: kitufe cha mpira, kapasita, tundu la hedifoni, au taa nyembamba kama karata, ya kupachika nyuma ya skrini. Wanunuzi wake walilitafuta neno lile kabla hawajaangalia kilichomo.

Shangazi anauza vipuri vya gemu za mkononi, zile za zamani zenye skrini ya kijivu, ambazo watoto walizichezea miaka mingi iliyopita kisha wakazisahau makabatini. Wanunuzi wake hawachezi gemu. Wanapiga muziki. Ndani ya kila kidude kile mna saketi inayoweza kutoa sauti nne tu kwa wakati mmoja, nao huchomeka kaseti maalumu, wakapanga namba safu kwa safu kwenye skrini, mpaka zile sauti nne ziwe wimbo. Mmoja ni karani wa benki, mwingine mpaka rangi wa magari, mwingine mwalimu wa hesabu. Jumla yao hawafiki ishirini. Huja kwa shangazi kwa sababu gemu haikuundwa kwa kazi hiyo: skrini haisomeki gizani, na sauti hutoka hafifu mno kwa ukumbi.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupiga chombo chochote. Alikuwa fundi katika karakana ya kutengeneza vyombo vya kuchezea watoto, na karakana ilipofungwa akaondoka na makatoni manne ya gemu mbovu ambazo hakuna aliyezitaka. Zilikaa chini ya kitanda miaka sita, mumewe akilalamika kwamba analala juu ya ghala. Siku kijana mmoja alipobisha hodi kuulizia gemu mbovu ya kupigia muziki, shangazi alimwuliza kwa upole kama nyumbani kwao wanajua alipo. Kijana huyo akarudi juma lililofuata na wenzake watatu.

Duka lenyewe ni chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la miwani. Ukutani pana kabati la droo tisini na sita, na mbele ya kila droo amebandika mfano wa kilichomo, ili asipoteze muda kusoma vibandiko. Juu ya meza hutandika taulo jeupe, kwa sababu skrubu ikianguka juu ya taulo haidundi. Wateja wakampa jina la Mama Skrubu. Dirishani ipo rafu ya majaribio. Kila mzigo mpya ukifika, shangazi hutoa kipande kimoja, hukifunga kwenye gemu, huiwasha na kuiacha rafuni siku saba mfululizo. Kisipopita siku saba, mzigo wote hurudishwa ulikotoka. Kikipita, ndipo huchukua kalamu.

Mimi nilijiunga naye nilipohitimu chuo cha ufundi stadi, fani ya elektroniki. Tunakaa pande mbili za meza moja, kila mtu na chuma chake cha kulehemu, na siku nyingine hupita bila sisi kusemezana maneno ishirini. Ukimya huo sote wawili tuliuona ni neema.

Mwaka wangu wa tatu pale zikaja taa za aina mpya. Zilikuwa nyembamba kuliko za zamani, zenye mwanga mweupe uliotulia, na zilitumia umeme kidogo. Shangazi alifunga moja, akaiweka rafuni. Nilipopita karibu nikasikia mlio mwembamba ukitoka kwenye spika, mithili ya mbu aliye nyuma ya pazia. Nikamtazama shangazi. Alikuwa amesimama papo hapo, ameinamisha kichwa karibu na spika, uso umetulia. Nikadhani ameusikia, ameupima, na ameona unavumilika. Yeye ana uzoefu wa miaka thelathini na mimi wa miaka mitatu. Sikuuliza. Siku saba zikapita, akachukua kalamu, na kufikia mwisho wa mwezi taa kumi na moja zilikuwa zimekwisha kununuliwa.

Wa kwanza kurudi alikuwa mpaka rangi, ambaye wenzake humwita Betri kwa sababu gemu yake humzimikia katikati ya kila onyesho.

"Shikamoo, Mama Skrubu."

"Marahaba, Betri. Leo umekuja na chaji?"

"Leo nimekuja na kesi."

"Iweke mezani, mashahidi tumo."

Aliiweka gemu juu ya taulo, akaiwasha, akaongeza sauti mpaka mwisho bila kupiga noti yoyote. Ule mlio ukajaa chumbani.

"Sikiliza hiyo," alisema.

Shangazi aliinama. "Nisikilize nini?"

"Huo mlio."

"Mlio upi?"

"Mama, acha mzaha. Huo! Iiiii!" Akauiga kwa pua, macho kayafumba.

"Huo wa puani mwako nimeusikia. Wa gemu bado."

Betri hakucheka. "Jumamosi tunarekodi, mama. Kundi zima. Ukiunganisha gemu kumi na moja zenye mlio huu, hatutakuwa na muziki, tutakuwa na mzinga wa nyuki. Hivi vitu siku hizi unavijaribu vipi? Au unaandika tu?"

Katika miaka kumi na mmoja ya duka lile hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Shangazi aliilaza bisibisi juu ya taulo, taratibu, ncha ikielekea ukutani. Kisha akanigeukia.

"Wewe unausikia?"

"Nausikia, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Shangazi alimwomba Betri apange noti moja tupu, aipandishe hatua kwa hatua kadiri gemu inavyoweza. Akageuza kiti, akakaa kuelekea ukuta ili asione mikono ya Betri, akainua kidole.

"Nikiacha kusikia, nitakishusha."

Noti ilianza chini, nzito kama honi ya lori. Ikapanda. Ikawa filimbi, ikawa nyembamba zaidi, na mimi nikaanza kutamani kidole kile kikae juu. Kilishuka.

"Umezima?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Ipandishe. Inalia?"

"Inalia."

"Na sasa?"

"Bado inalia."

"Na sasa?"

Betri alinitazama mimi.

"Nimekuuliza, mpaka rangi."

"Bado inalia, mama," alijibu, safari hii kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

Shangazi aligeuza kiti, akatuelekea. "Haya," alisema. "Hapo chini kila siku wanapima macho ya watu, na huku juu hakuna aliyewaza kupima masikio."

Betri alicheka peke yake, akajikatiza. Akavuta kiti. "Mama, hili ni letu sisi watatu. Waambie watu taa zimetoka kiwandani na kasoro. Si uongo, kasoro zinayo kweli."

"Zinayo." Aliokota pakiti moja, akaweka kidole juu ya lile neno. "Na hapa ameandika nani? Kiwanda?"

"Wewe."

"Basi."

Betri alipoondoka nilitarajia kelele. Shangazi hana kelele. Alikunja waya wa chuma cha kulehemu kama afanyavyo jioni, ingawa ilikuwa bado asubuhi, kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unausikia."

"Na kama ningekuwa nausikia, nikauza hivyo hivyo, ungenyamaza?"

Nikaokota skrubu moja juu ya taulo, nikairudisha pale pale.

"Mimi nilitaka fundi mwenzangu," alisema. "Sikutaka pazia."

Ujumbe kwa wateja aliuandika mwenyewe kwenye simu, miwani ikiwa puani, herufi moja baada ya nyingine: "Ndugu wateja, taa niliyowauzia mwezi huu inaingiza mlio mwembamba kwenye sauti. Niliijaribu na sikuusikia, kwa sababu masikio yangu hayasikii tena sauti za juu. Leteni gemu zenu nizirekebishe kabla ya Jumamosi. Samahani." Alinipa niusome. Nikamshauri aiondoe sentensi ya masikio, kwamba iliyobaki inatosha.

"Hiyo ndiyo barua," alisema. "Hizo nyingine ni bahasha." Akatuma.

Majibu yalikuja moja moja. Mwalimu wa hesabu aliandika kwamba hata yeye mkewe humwambia hasikii, ila yeye ni kwa makusudi. Wengine waliuliza saa za kufungua duka. Karani wa benki, aliyewaleta nusu ya wateja wetu wa mwanzo, aliandika neno moja tu: "Nimeelewa." Hakuleta gemu yake, wala hajaonekana tena dukani. Shangazi hakumsema. Droo ya vitufe vya rangi ya zambarau, ambavyo karani peke yake alikuwa akivinunua, mpaka leo imejaa.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumtafuta adui ambaye shangazi hamsikii. Tulikishusha kutoka juu ya kabati kile chombo chenye kioo kinachochora umeme kama mstari, ambacho nilikitumia sana chuoni na hapa kilikuwa kinakula vumbi. Nikaunganisha ncha zake kwenye tundu la hedifoni la gemu ya Betri. Mstari ulipaswa kulala. Badala yake ulikuwa na meno madogo madogo, kama ya msumeno mpya. Nilipong'oa waya wa taa, meno yakatoweka. Nilipourudisha, yakarudi.

Shangazi alisogeza miwani. "Kumbe ana sura," alisema.

Tangu hapo alikuwa yeye tena. Taa ilikuwa ikirudisha umeme wake kupitia njia ile ile inayotumiwa na sauti, na kila ilipojiwasha na kujizima, maana taa hizo hufanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde, ilikuwa ikiitikisa njia. Alijaribu kuutuliza mtikisiko huo kwa kapasita tatu za ukubwa tofauti. Ya tatu ilipunguza meno lakini haikuyamaliza. Ndipo akakata waya wa kurudishia umeme, akauvusha juu ya bodi na kuulehemu moja kwa moja kwenye kishikio cha betri. Mstari ukalala. Alinisogezea hedifoni, nami nikaivaa.

"Umekwisha," nilisema. Nikajilazimisha kuongeza, "Ila ukiongeza sauti mpaka mwisho, kuna mchakacho kidogo upande wa kushoto."

"Upande wa kushoto ni tundu. Libadilishe."

Gemu kumi zilipita mezani kwa siku tatu. Yeye alilehemu, mimi nilisikiliza.

Jumamosi alasiri tulikwenda ukumbini, chumba kirefu nyuma ya karakana ya useremala, chenye harufu ya gundi na viti vya kukunja. Kundi lile lina desturi yake: kabla ya kurekodi wimbo wowote, hurekodi ukimya. Gemu zote huunganishwa na kuwashwa, spika huongezwa sauti mpaka mwisho, na kwa dakika nzima hakuna anayebonyeza kitufe wala kukohoa. Ukimya huo ukiwa safi, ndipo wanapiga.

Mwalimu wa hesabu alivaa hedifoni kubwa, akainua mkono, akaushusha. Dakika ikaanza. Mimi niliinamisha kichwa nikasikiliza kwa makini kama niliye kwenye mtihani. Shangazi hakusikiliza. Alikuwa akitazama nyuso, moja baada ya moja, kama alivyoutazama ule mstari kwenye kioo, akitafuta meno. Alianza na Betri, akaja kwa mwalimu, kisha kwangu. Akakaa kwangu.

Mkono ulipoinuliwa tena, alininong'oneza, "Kuna kitu?"

"Kuna mvumo wa feni ya dari."

"Huo wa feni hata mimi nausikia. Zaidi ya huo?"

"Hakuna."

"Hunifichi?"

"Sikufichi, shangazi."

"Zimeni feni!" Betri alipiga ukelele kutoka upande wa pili. "Mama Skrubu keshasema!" Watu wakacheka, feni ikazimwa, na wakaanza kupiga. Gemu ya Betri ilizimika katikati ya wimbo wa pili, lakini hilo halikutuhusu.

Pakiti zetu sasa zina maneno mawili. Juu, kwa mkono wake, Nimejaribu, pamoja na kile kiluwiluwi. Chini, kwa mkono wangu, Nimesikiliza. Pakiti isiyo na yote mawili haitoki.

Kwa miezi miwili niliandika neno langu kwenye kila alichonisogezea, maana kila kimoja kilistahili. Kisha ukafika mzigo wa vizungushio vya sauti. Alikuwa amevipenda: chuma kizuri, vinazunguka laini, vilikaa rafuni siku saba bila kasoro. Pakiti hamsini alikwisha kuzitia sahihi na kuzipanga mbele yangu. Nilisikiliza cha kwanza, nikakizungusha polepole. Nikasikiliza cha pili na cha tano. Nikatua kalamu.

"Hapana," nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Shangazi aliinua macho kutoka kwenye taulo. "Vinafanyaje?"

"Vinakwaruza. Juu kabisa, ukikaribia mwisho."

"Vingapi?"

"Vyote."

Alizitazama zile pakiti hamsini, kila moja na kiluwiluwi chake. Kisha akavuta katoni tupu kutoka chini ya meza, akaanza kuzirudisha ndani moja moja, kwa mpangilio ule ule alioutumia kuzitoa.

"Haya," alisema. "Nipe gundi nifunge."