Nyundo Isiyodunda

Majirani walimwita fundi bati Mdundo, na mkewe ndiye pekee aliyejua jina hilo lilivyoanza. Siku za uchumba alimwuliza kwa nini hasemi kwamba anapiga bati, kama wasemavyo wengine.

"Anayepiga hulitoboa," alijibu. "Nyundo inadunda, bibie, kama mpira: inagusa, inarudi yenyewe. Ule mwendo wa kwenda na kurudi ndio mdundo. Isiporudi, hizo ni kelele tu."

Miaka yote ya ndoa mke alipika nyuma ya ukuta wa karakana, akiusikia mdundo huo bila kuusikiliza. Mwezi huu alianza kuusikiliza. Nyundo ilikuwa ikipiga, lakini haikuwa ikidunda. Isitoshe, mume aliingia ndani akinukia mafuta asiyoyajua, na kila alipoandaliwa chakula alisema, "Nimeshakula." Ameshakula wapi?

Mshonaji wa nyumba ya pili, alipomsimulia hayo, alizidi kumtia wasiwasi.

"Wifi, masikio yako hayajakudanganya. Anayegonga pale ni kibarua. Mwenyewe yuko kwa mwenye mafuta yake."

"Usinichekeshe."

"Cheka, wifi. Ila cheka ukishafungua mlango."

Mchana ule mke alivua kandambili, akazunguka uani kwa kunyata, akausukuma mlango wa nyuma wa karakana bila hodi.

Hapakuwa na kibarua. Fundi alikuwa peke yake, ndoo ameibana kwa magoti, nyundo ameishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala pajani, umepakwa mafuta ya kuchua hadi kiwikoni.

"Tangu lini?"

"Vidole vimekufa ganzi. Hata tonge linaniponyoka. Nilitaka nipone kabla hujajua."

"Nami nilidhani una mwanamke!"

Fundi akaitazama mikono yake. "Mwanamke? Nimshike kwa upi?"

Mke hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akaikamata ndoo kwa mikono miwili.

"Unagonga kama unaua nyoka. Legeza kiganja. Iache irudi."

Nyundo ikashuka, ikasita kidogo juu ya bati, ikarudi.

"Tena," alisema mke. "Kisha twende ndani ukale. Nitakulisha mwenyewe, na mshonaji achungulie akitaka."