Mbuzi wa Madawati

Katibu wa usharika alisoma matangazo kama kawaida yake, ndoa, misiba, zamu ya kufagia, halafu akasema kuwa watoto wa darasa la kwanza katika shule iliyo nyuma ya kanisa letu, hapa hapa Olasiti, wanasoma wakiwa wamekaa chini. Nilishtuka mpaka nikamshika jirani yangu mkono. Kengele ya shule ile ndiyo saa yetu ya kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchungulia dirishani. Niliona aibu, na aibu yangu siku zote hutoka ikiwa hasira. Nikasimama nikasema Jumapili ijayo tufanye mnada wa madawati, kila mtu alete kitu, na asiniletee mtu habari za vyuma kukaza na hela kuadimika.

Mnada wetu una mambo yake. Mtu analeta boga, mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai, na mzee wa kanisa ananadi. Ukishinda unalipa, kisha unapaza sauti, "Narudisha!" na kitu kinanadiwa upya. Boga moja linaweza kununuliwa na watu watano na bado lisipate mwenyewe. Na kama aliyelitoa ni mtoto au mjane, mnunuzi wa mwisho humrudishia aende nalo nyumbani. Jambo hili hatufundishani, tunalijua tu. Mimi nimezaliwa Kilimanjaro, nimeolewa na Mchaga mwenzangu, nikalikuta hapa, na lilinipendeza kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Nilimwalika na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Anakaa Lemara, anauza vifaa vya ujenzi, anasali kwingine, na mkono wake haujui kubana. Nilijua akija, madawati yatapatikana.

Siku yenyewe ilipofika, kabla hata sijapanga meza, aliingia binti wa darasa la nne akimvuta mbuzi jike, mchanga, wa kahawia, amesuguliwa mpaka anang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu mbuzi katoka wapi?"

"Koko kanituma." Koko ni bibi kwa Kimaa, na bibi yake nilimfahamu: mjane anayeishi juu kidogo ya kanisa, ambaye kiangazi kilimmalizia zizi. "Kabaki huyu tu. Mwalimu alisema tulete kitu. Koko anasema azunguke, halafu nirudi naye. Akizaa, watoto wake ndio watanipeleka sekondari."

Sisi wenye maduka tulikuwa tumeleta mayai, na mwanamke asiye na kitu ameleta zizi lake zima. Nikamwambia binti asiwe na wasiwasi, mbuzi atazunguka na watarudi wote wawili.

Na kweli alizunguka. Fundi cherehani akamnunua, "Narudisha!" Mwalimu mkuu akamnunua, "Narudisha!" Kila mtu aliposhinda, binti aliikunja sketi yake kwa vidole, na kila neno lile liliposemwa alicheka na kuiachia. Hatimaye shemeji yangu akataja bei iliyowanyamazisha wote. Vigelegele vikapasua anga, mimi nikiwa wa kwanza kuvipiga, maana pale pale tulijua darasa la kwanza limepata madawati. Alimpa binti mkono, akamwambia, "Hongera sana, wewe ni mtoto wa maana," akashika kamba, akazunguka nyuma ya jiko. Nilidhani anamtoa juani. Mzee wa kanisa alikuwa ameshainua kuku, nami nikaenda kupanga sahani za wanafunzi, ambao tuliwaalika wale nasi siku hiyo.

Chakula chao kilikuwa makande, mahindi na maharage tu. Ndiyo maana, niliposikia harufu ya nyama ya kuchoma, nilimuuliza mama aliyekuwa kwenye sufuria imetoka wapi.

"Si shemeji yako! Kawaonea watoto huruma."

Nikaenda nyuma ya jiko. Kwenye senyenge ilikuwa imetandazwa ngozi ya kahawia, bado mbichi. Nikashika ukuta. Shemeji alikuwa amekunja mikono ya shati la kanisani, anageuza mishikaki, anatabasamu.

"Shemeji, watoto wa watu wale makande siku ya sherehe yao? Nimewachinjia."

"Umechinja mbuzi wa mtoto!"

"Si nimemnunua?"

"Ulitakiwa urudishe!"

"Nimrudishe kwa nani?"

Aliniuliza kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilitamani kumpiga na mwiko, nikashindwa pa kuanzia. Kule kwake ukinunua kitu mnadani ni chako, kurudisha ni hiari yako, na mbuzi wa sherehe haoni jua likizama. Alikuwa amelipa kuliko wote, kisha akawapa watoto kila alichokinunua. Nilimweleza habari za koko na zizi, nikaona tabasamu likimtoka kidogo kidogo.

"Nitamnunulia wawili," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho asubuhi. Hata watatu."

"Binti yuko wapi?"

Aliuweka mshikaki chini. "Tulimpelekea maini," alisema. "Tukaona aanze yeye, ndiye aliyetoa."

Nilikimbia, mimi na unene wangu na kitenge changu cha sikukuu. Walikuwa wamemkalisha meza ya mbele, kando ya mwalimu mkuu, kwenye kiti chenye kitambaa. Wenzake walikuwa wanamtazama kwa wivu. Sahani ilikuwa nyeupe, ameifuta hata mchuzi.

Aliponiona aliinuka, akanawa mikono kwenye ndoo, akaikausha kwa sketi na kunijia. Nyuma yangu shemeji naye alikuwa amefika. Nilisikia anavyohema.

"Asante mama, nyama ilikuwa tamu," alisema binti. "Sasa nifungulieni mbuzi wangu, koko alisema nisichelewe."